Punda mzee aliyekonda baada ya maradhi: arudishweje mwili?

Mashamba ya Unguja na Pemba punda ndiye anayevuta gari la mchanga, mawe, kuni na makuti, na wapo wanaofanya kazi hiyo hata baada ya miaka 20. Haya ndiyo wanayoniuliza sana wenye punda wazee waliougua wakapona.

Homa imemwisha lakini mbavu zinahesabika. Nimpe mahindi anenepe upesi?

Tafadhali usimpe. Hapa ndipo wengi wanapompoteza mnyama waliyekwisha kumwokoa. Mwili uliokaa na njaa siku nyingi huwa umepungukiwa na madini kama fosforasi na magnesiamu. Ukimlisha wanga mwingi kwa ghafla, madini hayo machache yaliyobaki hutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama. Wiki ya kwanza apate majani tu, kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, na maji safi yasiondoke mbele yake. Baada ya hapo ongeza polepole. Punda wa kilo 150 hula kama kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku. Kwa majani mabichi, ambayo sehemu kubwa ni maji, hiyo ni zaidi ya kilo 10.

Anakula kutwa nzima, mbona hanenepi?

Chutama uangalie chini pale anapokula. Ukikuta vibonge vya majani vimeloa mate, vimetafunwa nusu na kutemwa, tatizo ni meno. Magego ya punda huota na kulika maisha yake yote. Uzeeni mengine hubaki na ncha kali zinazomchana shavu na ulimi, mengine hung'oka. Muite daktari wa mifugo amfungue kinywa na kuyasugua kwa tupa. Asiyebakiwa na magego umkatie majani machanga vipande vifupi, na pumba uziloweke mpaka ziwe kama uji.

Pumba za mpunga na machicha ya nazi yanafaa?

Yanafaa akishakula vizuri wiki mbili hivi, na kwa kiasi. Machicha yawe ya siku hiyo hiyo. Kwa joto letu huchacha upesi, na yakinuka yatupe. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo zikiwa ndiyo chakula kikuu mifupa hudhoofika na uso huvimba. Muulize daktari chokaa ya kulishia mifugo. Chokaa ya kujengea inaunguza, usimpe hata chembe.

Na akikataa kula kabisa?

Hiyo ni dharura, usingoje kesho. Punda asipokula, mwili huyayusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu kupita kiasi, na ini na figo huharibika. Unamuona tu kasimama, kainamisha kichwa, masikio yamelala. Punda hapigi kelele za maumivu, ndiyo maana huchelewa kutibiwa. Naomba pia usimtenge na mwenzake aliyemzoea. Nimeona punda akiacha majani mazuri mbele yake kwa sababu mwenziwe amepelekwa shamba jengine. Aliporudishwa, jioni ile ile akaanza kuguguna.

Inaweza kuwa ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o?

Unguja mbung'o walitangazwa kutokomezwa mwaka 1997, kwa hiyo tazama kwanza kupe na minyoo. Choo kipimwe kabla ya dawa, na kipimo cha dawa kifuate uzito wake wa sasa, si ule wa zamani.

Nitajuaje anarudi?

Usihukumu kwa tumbo. Tumbo la punda mzee huning'inia hata akiwa mifupa mitupu. Nundu ya mafuta shingoni nayo hudanganya, maana hubaki pale pale mgongo ukiwa umekwisha. Tumia mkono: pitisha vidole mbavuni, uti wa mgongo na nyonga. Kila wiki zungusha mkanda wa fundi cherehani kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, uandike. Mzee huchukua miezi. Asifungwe gari mpaka mbavu uzihisi kwa kugusa tu bila kuziona, na siku ya kwanza avute gari tupu, asubuhi kabla ya jua kali.