Malkia wa nyuki haishi kwa maziwa tu

Unguja na Pemba, penye mazungumzo ya asali hapakosi wa kukwambia: malkia huishi miaka kwa sababu ya maziwa ya nyuki, ule ute mweupe anaolishwa, basi nawe uyale, utazidisha umri. Sivyo.

Kila jana (mtoto wa nyuki), hata la kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, hulishwa maziwa hayo siku tatu hivi za mwanzo. La malkia huendelea nayo, na mlo huo huamua jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze. Jeni zenyewe hazina tofauti ya kimsingi.

Kibarua wa msimu wa maua huishi wiki sita hivi. Malkia miaka miwili, mitatu, hata mitano. Siri imo kwenye seli. Utando wa seli za malkia una mafuta machache ya aina inayoharibiwa upesi na oksijeni. Kibarua, mla chavua, anayo mengi. Ndiyo kanuni inayofanya mafuta ya nazi yakawie kuchacha kuliko ya alizeti. Tena malkia ana vitelojenini tele, protini ya kutengenezea mayai ambayo pia hukinga seli. Ndipo ataga mayai zaidi ya elfu kwa siku asichakae!

Binadamu hatuna vitelojenini, na kijiko cha maziwa hakitatupa. Mwenye pumu ajihadhari zaidi: yamewahi kuwaletea baadhi yao mzio mkali.