Eti Wahindi wa kale hawakuwa na historia?

Dhana: Hawakuandika historia, walitunga hekaya tu.

Lawama hii ni ya zamani. Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu kutoka Asia ya Kati aliyeandika juu ya India mnamo mwaka 1030, aliwaona Wahindi kuwa watu wasiojali mpangilio wa matukio. Mwaka 1817 mwanahistoria wa Uingereza James Mill, ambaye hakuwahi kukanyaga India, akaenda mbali zaidi: kwake, watu hao hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya kihistoria.

Tatizo ni kwamba walitafuta kitabu. Wangetafuta jiwe.

Huko Junagadh, Gujarat, karibu na mlima Girnar, kuna jabali lenye maandishi ya wafalme watatu. Ashoka alitangulia, karne ya 3 KK. Akafuata Rudradaman, mwaka 150 BK, kisha Skandagupta katika karne ya 5. Andiko la Rudradaman linahusu bwawa. Mvua ilinyesha hadi mito ya Girnar ikafurika, upepo ukang'oa miti, na tuta la ziwa Sudarshana likapasuka: ufa wa dhiraa 420 kwa urefu, 420 kwa upana, kina 75. Maji yote yakaondoka, ziwa likabaki kama jangwa. Mawaziri walikataa kulijenga upya kwa kuwa ufa ulikuwa mkubwa mno, na watu wakaanza kuomboleza. Mfalme akalijenga kwa fedha za hazina yake, bila kuwatoza watu kodi wala kuwafanyisha kazi kwa lazima. (Ni yeye anayejisifu hapo, kwa hiyo tusimeze kila neno.)

Kinachonivutia mimi ni jambo jingine. Andiko hilohilo linasema bwawa lilichimbwa na Pushyagupta, liwali wa mfalme Chandragupta Maurya, babu yake Ashoka, na mifereji ikaongezwa na Tushaspha wakati wa Ashoka. Kutoka Chandragupta hadi Rudradaman ni zaidi ya miaka 400, na jina la liwali aliyejenga bado linajulikana! Baadaye tuta lilipasuka tena, na watu wa Skandagupta wakaja kuandika habari zao kwenye jabali lilelile.

Dhana: Kwao wakati ulikuwa gurudumu, miaka hawakuihesabu.

Enzi kuu zinazozunguka ni kweli zimo katika vitabu vyao vya dini. Lakini kwenye hekalu la Aihole, Karnataka, mshairi Ravikirti aliandika tarehe mbili kwa mpigo: mwaka 556 wa Saka (kalenda ya Kihindi), yaani 634 BK, na miaka 3735 tangu vita vya Bharata, vile vya utenzi wa Mahabharata, vinavyohusishwa na mwanzo wa enzi ya sasa kati ya zile zinazozunguka. Gurudumu na kalenda vilikaa ukuta mmoja bila ugomvi.

Dhana: Waandishi wao walikuwa wasifiaji wa wafalme tu.

Wengi, ndiyo. Kalhana wa Kashmir siyo. Katikati ya karne ya 12 alitunga Rajatarangini, historia ya wafalme wa Kashmir kwa beti karibu 8,000. Anasema alipitia vitabu 11 vya waliomtangulia, akasoma maandishi ya mahekalu na hati za ardhi, na kwamba msimulizi apaswa kuwa kama hakimu, asiyependelea wala kuchukia. Baba yake alikuwa waziri wa mfalme Harsha, lakini mwana hakuficha jinsi Harsha alivyopora mahekalu na kuyeyusha sanamu. Sehemu za mwanzo za kitabu ni dhaifu. Kuna mfalme anayetawala miaka 300.

Dhana: Maandishi hayo hayakuwa na kazi kwa raia.

Muulize Brahmani (mtu wa tabaka la makuhani) aitwaye Vamarathya. Haki ya ardhi iliandikwa kwenye mabamba ya shaba, pamoja na nasaba ya mfalme aliyeitoa. Katika karne ya 7 yeye alikuwa akifaidi kijiji cha Somakundaka kwa hati ya kughushi. Harsha mwingine, yule mfalme wa Kanauj, kaskazini mwa India, alipolibaini hilo alilivunja bamba lake, akawapa kijiji Mabrahmani wawili wengine, na habari yote ikachorwa kwenye bamba jipya, ambalo lipo hadi leo.