Nyuso Zisizo na Mdomo: Katuni na Tuzo ya Mwongozaji Bora

Mapema mwaka 2025, katika muda usiozidi miezi miwili, filamu tatu tofauti za katuni zilitangazwa kuwa bora za mwaka mmoja. BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, iliichagua Wallace & Gromit: Vengeance Most Fowl. Tuzo za Annie, ambazo hutolewa na watu wa fani ya uhuishaji (utengenezaji wa katuni) wenyewe kule Hollywood, ziliibeba The Wild Robot. Golden Globe, na mwezi Machi Oscar yenyewe, zikaenda kwa Flow, filamu ya Latvia ambayo ndani yake hakuna hata neno moja linalosemwa.

Ubishi ulioanza hapo haujaisha. Wanafunzi wangu wa uhuishaji bado wanaugombania, na wenzangu wa kazi pia. Nikiwasikiliza nagundua kwamba wengi hupima kwa machozi (ipi iliniliza zaidi?) au kwa pesa (ipi iligharimu kidogo, ipi iliingiza nyingi?). Ningependa tupime kwa kazi. Tukifanya hivyo, mwaka ule unatuonyesha jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha: filamu zote tatu zilibebwa na wahusika ambao ama hawana mdomo, au wanao lakini hausemi neno la binadamu.

Paka wa Flow hulia nyau tu. Gromit, yule mbwa wa udongo, hana mdomo kabisa, na adui yake, pengwini Feathers McGraw, ana macho mawili meusi madogo kama vichwa vya pini, basi. Roz, yule roboti wa The Wild Robot, anaongea sana, lakini uso wake ni taa mbili kwenye kichwa cha mviringo: hana nyusi, hana midomo, hana shavu la kutetemeka. Kwa hiyo kila hisia uliyoipata ukiwatazama ilitoka kwingine. Ilitoka kwenye uzito wa mwili, kwenye muda ambao mhusika anakaa kimya kabla ya kutenda, na kwenye mahali kamera ilipowekwa. Kazi hiyo ina jina lake katika orodha ya tuzo, nayo ni uongozaji. Hadi sherehe ya 2025, hakuna mwongozaji wa filamu ya katuni aliyewahi hata kuteuliwa kwa Oscar ya Mwongozaji Bora.

Nianze na Feathers McGraw, maana yeye ndiye somo lililo wazi zaidi. Uso wake haubadiliki kamwe. Furaha, hasira, hila, vyote vina sura ileile. Hata hivyo watoto humwogopa na watu wazima hukaa wima kwenye viti. Sababu ni kwamba waongozaji wake, Nick Park na Merlin Crossingham, wanajua kumtuliza. Katika filamu ya udongo, kila sekunde ina fremu 24, yaani picha 24, na mara nyingi mkao mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili. Mhuishaji anasogeza kiungo kidogo kwa vidole, anapiga picha, anasogeza tena. Wahusika wote wengine wanahangaika, wanapepesa macho, wanageuka. Feathers anasimama. Anapogeuza kichwa, anakigeuza polepole mno, kisha anasimama tena, na mwanga unatoka upande mmoja kama katika filamu za zamani za wapelelezi. Hofu yote unaiweka wewe mtazamaji. Gromit naye ni kinyume chake: paji la uso wake la udongo linapandishwa na kushushwa kwa milimita, na unasoma humo uchovu wa rafiki anayempenda bwana wake asiyesikia.

Flow ilinigusa kwa namna nyingine. Gints Zilbalodis aliitengeneza kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure, kwa takriban euro milioni 3.5. Hakuchora michoro ya awali ya kila shoti (kipande kimoja cha filamu kisichokatwa) kama ilivyo kawaida. Aliingia na kamera moja kwa moja ndani ya ulimwengu wake wa kompyuta na kutafuta humo pa kusimama, jinsi mwongozaji wa filamu ya kawaida anavyozunguka eneo la kupigia picha. Matokeo yake yanaonekana. Shoti ni ndefu, kamera iko chini kwenye kimo cha paka, inaelea, inachelewa kidogo kumfuata, wakati mwingine inampoteza na kumpata tena.

Tazama sehemu ambapo maji yanapanda na paka anakimbilia kwenye sanamu kubwa mno ya paka iliyo kilimani. Anapanda. Maji yanapanda. Anapanda tena hadi kwenye kichwa cha sanamu, na sasa duniani kote hakuna pakavu isipokuwa mahali alipoweka miguu yake. Hakuna sauti ya msimulizi ya kutuambia kwamba anaogopa. Masikio yanalala nyuma. Mashua inakuja ikielea, na paka anasita. Ni kusita huko ndiko ninakorudia kuwaonyesha wanafunzi. Ameumbwa kuchukia maji na kutomwamini asiyemjua, na sasa lazima avumilie kimoja kati ya hivyo viwili. Hatimaye anaingia mashuani na kumkuta kapibara, yule mnyama mkubwa wa jamii ya panya wa Amerika Kusini, aliyetulia kana kwamba gharika ni hali ya hewa ya kawaida tu.

Sauti za wanyama hao ni za wanyama halisi. Ya kapibara, hata hivyo, ilikuwa nyembamba mno kwa mhusika mtulivu kiasi kile, kwa hiyo wakatumia ya ndama wa ngamia. Uamuzi mdogo kama huo ni uongozaji mtupu. Na kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna zawadi ya ziada: yule ndege mrefu mwenye kishungi anayeshika usukani wa mashua ni ndege karani, tunayemwona akitembea nyikani Serengeti na Maasai Mara. Waliomchora walimtazama vizuri. Mwendo wake wa kujivuta na kichwa chake kinachotangulia mwili ni vyake kabisa.

Je, Flow ina kasoro? Inazo. Manyoya ya wanyama yamepakwa kama kwa brashi pana, vivuli vingine ni vya mchezo wa kompyuta, na kuna mbwa mmoja au wawili ambao miguu yao haishiki ardhi sawasawa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ilistahili kwa sababu ilitengenezwa na watu wachache kwa pesa kidogo. Hoja hiyo inaisifu filamu kwa huruma. Inside Out 2, iliyokuwa mshindani wake, iligharimu karibu dola milioni 200, na The Wild Robot takriban milioni 78. Kama Flow ingegharimu kiasi hicho, shoti ya paka juu ya sanamu bado ingekuwa shoti bora ya mwaka. Bajeti ndogo ni habari ya kuwatia moyo vijana wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wenye kompyuta moja na umeme wa kukatika, na mimi huwaambia hivyo kila mara. Lakini haipaswi kuhesabiwa na mpiga kura.

Sasa kwa The Wild Robot, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani ndiyo iliyodhulumiwa zaidi, japo si katika kipengele cha katuni.

Sauti ya Roz ni ya Lupita Nyong'o, dada yetu Mkenya ambaye tayari ana Oscar ya mwigizaji msaidizi aliyoipata mwaka 2014. Mwanzoni Roz ni bidhaa. Anaongea kama tangazo la biashara, kila sentensi inamalizikia juu, kila neno limepigwa pasi, anauliza wanyama wa porini nani anahitaji msaada. Baadaye analea kifaranga wa bata bukini, na kidogo kidogo sauti inashuka. Inapata pumzi. Inaanza kusita katikati ya sentensi, jambo ambalo mashine haina haja nalo. Hakuna tukio moja ambalo unaweza kulinyooshea kidole na kusema hapa ndipo alipogeuka kuwa mama. Umegeuzwa pamoja naye bila kujua. Ukikumbuka kwamba uso wa Roz hausaidii chochote, utaona uzito wa kazi hiyo.

Oscar haijawahi kumteua mtu kwa sauti pekee katika filamu ya katuni. Sababu inayotolewa ni kwamba uigizaji wa katuni ni wa watu wengi: Nyong'o alitoa sauti, lakini mkono wa Roz unaojikunja kumkinga kifaranga ulifanywa na mhuishaji ambaye jina lake linapita haraka mwishoni mwa filamu. Hoja hiyo ni nzito, na mimi kama mhuishaji naiheshimu. Nisingependa sanamu ya dhahabu ipewe sauti huku mkono ukisahauliwa. Lakini basi mtu yupo ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha sauti na mkono vinakuwa kiumbe kimoja, naye ni mwongozaji, Chris Sanders. Kama tuzo ya mwigizaji haigawanyiki, ya mwongozaji haina tatizo hilo. Kwa nini basi haifiki?

Sehemu ya jibu iko katika mpangilio wa Akademi yenyewe, chombo kinachotoa Oscar. Wateule wa Mwongozaji Bora huchaguliwa na tawi la waongozaji. Mwanachama huwa wa tawi moja tu, na watu wa katuni wana tawi lao. Kwa hiyo wanaojua hasa maana ya kuongoza filamu ya uhuishaji, kwa sehemu kubwa, hawashiriki kuwachagua wateule wa uongozaji. Hakuna haja ya kudhani kuna chuki. Mfumo wenyewe unatosha.

Sehemu nyingine ni kipengele cha Filamu Bora ya Katuni. Kabla hakijakuwepo, katuni zilipewa heshima za pembeni: mwaka 1939 Walt Disney alikabidhiwa tuzo maalumu kwa Snow White and the Seven Dwarfs, sanamu moja ya kawaida na nyingine saba ndogo. Ilipendeza kwenye picha, lakini ilikuwa pia njia ya kuiweka filamu kando. Beauty and the Beast ndiyo ya kwanza kuteuliwa kwa Filamu Bora, kwa mwaka 1991. The Lion King, yenye majina yetu Simba, Rafiki na Pumbaa, ilishinda kwa muziki na wimbo mwaka 1995 bila kuingia katika tano bora. Mwaka 2002 kipengele cha katuni kikaanza, Shrek ikashinda, na tukashangilia. Tangu hapo ni Up na Toy Story 3 tu zilizoteuliwa kwa Filamu Bora, zote katika miaka miwili ya mwanzo baada ya orodha kupanuliwa hadi filamu kumi. Baada ya hapo, kimya. Mpiga kura anaona katuni zina chumba chao na anafunga mlango kwa roho safi.

Chumba hicho kimefikia hatua ya kukimbiwa. The Lion King ya 2019 ilitengenezwa karibu yote kwenye kompyuta. Mwongozaji wake, Jon Favreau, alisema shoti moja tu ndani yake ilipigwa kwa kamera halisi, ile ya jua kuchomoza mwanzoni. Golden Globe iliiteua kama katuni. Kwenye Oscar, Disney haikuiwasilisha katika kipengele hicho, ikagombea ya athari za picha. Kwa kanuni za kazi yetu ile ni katuni, kila unywele wa simba ulihuishwa. Studio inapoona faida kutoitwa katuni, ujue jina hilo limeshushwa thamani na wengine kabla yake.

Kuna badiliko moja ninalolipokea kwa furaha. Mwezi Aprili 2025 Akademi ilitangaza kwamba mwanachama hatapiga kura ya mwisho katika kipengele chochote kabla ya kutazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Kwa miaka mingi wapiga kura wamekuwa wakikiri magazetini, bila kutaja majina, kwamba za katuni hawakuzitazama na waliwauliza watoto wao. Studio ya Cartoon Saloon ya Ireland imeteuliwa mara nne kwa filamu ndefu, kuanzia The Secret of Kells hadi Wolfwalkers, na haijashinda hata moja. Sina shaka kwamba kati ya waliowanyima kura wamo ambao hawakuwahi kuona fremu moja.

Kwa hiyo kura yangu ya mwaka ule ingekuwa hivi. Katika kipengele cha katuni, Flow, na Wallace & Gromit kwa karibu sana nyuma yake, kwa ajili ya Feathers peke yake. The Wild Robot ningeiweka katika zile kumi za Filamu Bora, maana ni hadithi ambayo mtu wa umri wowote anaifuata mwanzo hadi mwisho na hakuna sehemu inayolegea. Na katika watano wa Mwongozaji Bora, waliokuwa Sean Baker aliyeshinda, Brady Corbet, Jacques Audiard, Coralie Fargeat na James Mangold, ningemtoa Mangold. Filamu yake, A Complete Unknown, imeongozwa kwa ustadi na kwa usalama, ikimwegemea mwigizaji mzuri na nyimbo ambazo tayari watu wanazipenda. Zilbalodis hakuwa na nyimbo wala nyota wala neno. Alikuwa na paka asiyetaka kulowa na mahali pa kuweka kamera, na kila mara alipaweka pazuri.