Tokeni: kipande cha neno kinacholipiwa

Nairobi ukisema "tokeni zimeisha", jirani anajua umekaa gizani. Ni zile tarakimu 20 unazobonyeza kwenye mita. Dar es Salaam watu husema LUKU, Kampala husema Yaka. Siku hizi neno hilohilo limehamia kwenye mazungumzo ya akili mnemba, na maana hazijaachana sana: huko nako tokeni ndicho kipimo cha matumizi, na ndicho kinacholipiwa. Ila yuniti moja ya umeme inachemsha maharage yaleyale kwa kila mtu. Tokeni ya akili mnemba inategemea unaandika lugha gani.

Tokeni ni kipande cha maandishi ambacho modeli ya lugha, yaani programu inayosoma na kuandika maandishi kama ile iliyo ndani ya ChatGPT, hukihesabu kuwa kitu kimoja. Kinaweza kuwa neno zima, nusu ya neno, herufi moja, alama ya mkato, hata nafasi tupu iliyoshikana na neno linaloifuata. Kila kipande kina namba yake kwenye orodha inayoitwa msamiati wa modeli. Ukiandika "Shikamoo mama", kuna programu inayotangulia, tokenaiza, ambayo hukata maneno hayo vipande na kukipa kila kipande namba yake. Modeli hupokea namba tu. Kujibu nako ni kubashiri namba inayofuata, kisha nyingine, kisha nyingine, hadi jibu liishe. Ukiona ChatGPT inadondosha jibu kidogokidogo kwenye skrini, zile ni tokeni zinashuka.

Sasa nani anaamua pa kukatia? Mtu angedhani kuna mwanaisimu aliyeketi na kamusi. Hayupo. Mbinu inayotumika zaidi, BPE (kifupi cha Kiingereza "byte pair encoding"), ilizaliwa kama njia ya kubana mafaili: Philip Gage aliichapisha mwaka 1994. Mwaka 2016 Rico Sennrich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliipeleka kwenye tafsiri ya mashine, ambako maneno adimu yalikuwa yanaikwamisha mitambo. Kazi yenyewe haina uchawi. Unaanza na herufi mojamoja, unatafuta jozi inayokutana mara nyingi kuliko zote, unaiunganisha iwe kipande kimoja, unarudia.

Tuifanye kwa mkono. Chukua maneno matano: kula, kulala, kulima, kulipa, kusoma. Jozi inayoongoza ni k na u, imeonekana mara tano, kwa hiyo "ku" inakuwa kipande. Hadi hapa mwalimu wa sarufi atafurahi, maana "ku" ni kiambishi halali kabisa. Hesabu tena. Sasa "ku" ikifuatwa na l imetokea mara nne, wakati l na a zimekutana mara tatu tu. Mashine inaunganisha "ku" na l, na tunapata kipande kipya: "kul". Sisi tungekata ku-la, ku-lala, ku-lima. Mashine inakata kul-a, kul-ima, kul-ipa. Kwa Kiswahili "kul" si kitu, lakini kwa mashine ni mali, kwa sababu imeonekana mara nyingi. Wingi ndio kigezo pekee kinachotazamwa.

Hapo ndipo tunapoumia. Hesabu hiyo hufanywa juu ya matini yaliyokusanywa, na sehemu kubwa ya matini hayo ni Kiingereza. Nafasi kwenye msamiati zina kikomo: modeli ya GPT-2 ya mwaka 2019 ilikuwa na vipande 50,257, na modeli ya Llama 2 ya kampuni ya Meta ilikuwa na 32,000. Zinapogombaniwa kwa wingi, maneno ya Kiingereza hujaa kwanza, mazima mazima, na Kiswahili huokota vilivyobaki. Kuna kurasa mtandaoni zinazoonyesha ukataji huu kwa rangi. Bandika sentensi ya Kiingereza ya kawaida, karibu kila neno litavaa rangi moja. Bandika "hatutakusahau" kwenye tokenaiza ya zamani, neno moja litageuka khanga.

Na kitenzi chetu kimebeba mengi. "Nitakapokupigia" kina mtenda, wakati, "po" ya pale, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea, vyote vikiwa vimepanda gari moja. Mwenye lugha anasikia viungo hivyo vyote bila kufikiri. Tokenaiza iliyoona Kiswahili kidogo inakata popote kisu kinapoangukia, na modeli inalazimika kujifunza maana kutoka kwenye makombo yasiyolingana: leo mzizi umekatwa katikati, kesho umeungana na kiambishi.

Gharama yake inaeleweka kirahisi ukikumbuka SMS. Ujumbe mmoja huchukua herufi 160. Tia emoji moja, ukomo unashuka hadi 70, na ujumbe uliodhani ni mmoja unahesabiwa kuwa miwili au mitatu. Mtumaji wa ujumbe kwa wingi anaijua hasara hiyo. Kampuni za akili mnemba nazo hutoza wasanidi programu kwa idadi ya tokeni zinazoingia na zinazotoka. Maana ileile ikikatwa vipande vingi zaidi, ankara inapanda, jibu linachelewa, na kumbukumbu inajaa mapema, kwa sababu kiasi ambacho modeli inaweza kukishika kwa mara moja nacho hupimwa kwa tokeni. GPT-3, mwaka 2020, ilishika tokeni 2,048 tu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walilinganisha matini yaleyale yaliyotafsiriwa katika lugha nyingi, wakakuta tofauti ya urefu inaweza kufika mara 15. Kiswahili hakiko mkiani kiasi hicho. Kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, na hilo limekiokoa.

Nina neno la tahadhari hapa, kwa sababu hesabu hii hupotoshwa sana. Ukikutana na jedwali la "tokeni kwa kila neno", usilimeze. Neno letu moja ni sentensi ya mwingine: "nitakapokupigia" Kiingereza hukisema kwa maneno manne au matano. Kwa kipimo hicho Kiswahili kitaonekana kibaya kuliko kilivyo. Ulinganisho wa haki ni wa ujumbe mzima, maana kwa maana.

Tokeni pia inaeleza kituko kilichovuma mwaka 2024, pale modeli zilizoandika programu ngumu ziliposhindwa kuhesabu herufi r kwenye neno la Kiingereza "strawberry". Modeli haioni herufi. Neno linaweza kuifikia likiwa namba mbili tatu, na ndani ya namba hizo hakuna r ya kunyooshea kidole. Kuiuliza kuna a ngapi kwenye "mananasi" ni kama kumuuliza mtu aliyezoea kununua unga wa paketi kuna punje ngapi ndani.

Hali imeanza kubadilika. Misamiati imepanuliwa: Llama 3 ilifika vipande 128,000 na GPT-4o karibu 200,000, zote mwaka 2024, na lugha nyingi zimepumua. Kenya, shirika la Jacaranda Health, linalojibu maswali ya kina mama wajawazito kwa SMS, halikusubiri. Mwaka 2023 lilichukua modeli ya Llama, likaiongezea vipande vya Kiswahili kwenye msamiati na kuendelea kuifundisha kwa matini ya Kiswahili. Matokeo yake yaliitwa UlizaLlama. Kwangu hiyo ndiyo njia ya busara kwa mwenye bajeti ndogo, kuliko kuanza modeli toka sifuri.

Wengine wanataka kisu chenyewe kitupwe. Google walitoa modeli ya ByT5 mwaka 2021, na Meta mwishoni mwa 2024 wakaja na muundo mwingine, zote zikisoma baiti ghafi, yaani vizio vidogo ambavyo kompyuta hutumia kuhifadhi herufi, bila msamiati wa vipande. Kwenye baiti, a ya Kiswahili na a ya Kiingereza ni baiti moja kila moja. Lakini herufi ya Kiarabu ni baiti mbili, kwa hiyo utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu iliyotumika zamani pwani unarefuka karibu mara mbili kabla haujasomwa hata ubeti mmoja. Kiamhari kila herufi ni baiti tatu, ingawa huko herufi moja hubeba konsonanti na irabu yake, na sehemu ya deni hurudi hapo.