Betri ya taa ya dagaa haihitaji kuisha kabisa

Katika mialo ya Mwanza bado unasikia wavuvi wa dagaa wakiambiana: iache betri ya taa iishe kabisa ndipo uichaji, la sivyo itazoea chaji ndogo. Ushauri huo ulikuwa na msingi enzi za betri za nikeli-kadimiamu. Kwa betri za lithiamu, zilizoingia sokoni mwaka 1991, mambo ni kinyume. Hata zile za asidi huumia zikimalizwa.

Ndani ya betri ya lithiamu, upande hasi una karatasi nyembamba ya shaba. Volti zikishuka kupita kiasi, shaba huanza kuyeyuka, na ukija kuichaji inaganda mahali pasipotakiwa, hata kuleta shoti. Ndiyo maana betri nyingi zina saketi inayokata umeme mapema. Taa ikizima, ichaji asubuhi hiyohiyo. Tafadhali usiiweke tupu mpaka siku za mbalamwezi, ambapo uvuvi wa taa husimama, zipite.

Betri za sodiamu, ambazo kampuni ya CATL ya China ilitangaza aina yake mwaka 2021, hapa zinatofautiana. Sodiamu haiungani na alumini, hivyo alumini inaweza kutumika pande zote mbili badala ya shaba, na betri ikasafirishwa salama ikiwa na volti 0. Lakini nazo hazidai kumalizwa kwanza. Kwa umeme uleule kwa kawaida ni nzito zaidi, jambo zito mtumbwini. Kwenye kibanda cha kuchajia ufukweni, ningezichagua bila wasiwasi.