Kabla hujanunua dawa ya macho, kaangalie kwanza monita yako

Kuna dada anafanya kazi steshenari, kutwa anachapa na kuprinti, alikuja kliniki macho mekundu na kichwa kinamgonga kila ikifika saa tisa mchana, mkononi ana kichupa cha tatu cha dawa ya matone na hajawahi kupimwa. Tukampima, anaona vizuri tu, 6/6 macho yote. Nikamwambia kapige picha pale unapokaa unitumie. Kumbe monita kaiegemeza dirishani, jua lote linampiga usoni, na mwanga wa skrini uko 100, yaani vile vile ilivyotoka kwenye boksi.

Monita nyingi zinakuja zimesetiwa kali ili zivutie dukani, si kwa mtu wa kuitazama saa nane mfululizo. Bonyeza vile vibatani vya chini au nyuma ya kioo, tafuta alama ya kijua au neno Brightness, halafu fungua ukurasa mtupu wa Word na ushike karatasi nyeupe ya A4 pembeni yake. Skrini ikiwaka kama taa kuliko karatasi, shusha, ikionekana ya kijivu kimepooza, pandisha. Msiniulize namba maana chumba chako si changu, na ya mchana si ya usiku.

Herufi ndogo nazo zinatesa, ila hapa watu wengi wanakosea, wanashusha rezolusheni, yaani idadi ya nukta zinazochora picha kwenye skrini, ili maandishi yawe makubwa. Yanakuwa makubwa kweli lakini yanakuwa na ukungu, na jicho linahangaika kuyasoma. Monita ya 1920 kwa 1080 iache hapo hapo, kama kompyuta ni ya Windows nenda Settings, System, Display, weka Scale 125%. Kama unatumia ule waya wa zamani wenye kichwa cha bluu na herufi zina kivuli, jaribu kubonyeza batani ya Auto, mara nyingi zinanyooka.

Monita ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, sm 50 hadi 70 hivi, ukingo wa juu usipite usawa wa macho. Wenye miwani ya bifocal, ile ambayo kila kioo juu ni cha kuonea mbali na chini cha kusomea, shusheni monita zaidi, mnainua kidevu siku nzima halafu mnalalamika shingo.

Sasa miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, naulizwa kila siku. Hata American Academy of Ophthalmology, chama cha madaktari wa macho Marekani, hawaipendekezi kwa uchovu wa skrini. Pesa yako, ila mi nisingenunua. Ile rangi ya njano ya Night light iwashe usiku ukipenda, inatuliza, lakini haitibu macho makavu. Ukavu unatoka kwenye kusahau kupepesa, kwa kawaida tunapepesa mara 15 hivi kwa dakika na mbele ya skrini inaweza kushuka hata chini ya nusu, halafu feni nayo inakupuliza usoni. Kila dakika 20 angalia kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20, hata kama ni bodaboda wanaopita nje.

Yule dada aligeuza meza, dirisha likawa ubavuni, mwanga akauacha 35, kichwa kikapoa ndani ya wiki. Ila ukiona vitu viwili viwili, au maumivu makali ghafla, au duara za rangi kuzunguka taa, achana na vibatani, njoo siku hiyo hiyo.