Nyenze wa migunga: fundi wa kelele porini

Nyenze ni mdudu mnene mwenye macho yaliyotokeza pembeni mwa kichwa na mabawa yanayolala mgongoni mithili ya paa. Wengi humchanganya na panzi au nyenje wa usiku, lakini ndugu zake hasa ni vidukari. Wapo wa aina nyingi mno. Anayestahili kutajwa kwanza ni Brevisana brevis, wa mapori ya migunga ya Afrika.

Sauti yake ilipopimwa kutoka umbali wa sentimita 50, ilifika desibeli 106.7, na kwa kipimo hicho huhesabiwa miongoni mwa wadudu wenye kelele kubwa zaidi duniani. Anayelia ni dume, akimwita jike. Wala hasugui mabawa kama nyenje. Kila upande wa tumbo lake, karibu na kifua, pana utando wenye mbavu ndogondogo. Msuli ulio ndani ukivuta, utando unabonyea na kutoa mlio, kama kifuniko cha kopo kinapobonyezwa kwa kidole gumba. Msuli ukilegea, utando unarudi mahali pake. Hayo hutokea mara nyingi sana kwa sekunde, hata sikio lako linasikia mlio mmoja usiokatika. Tumbo la dume lina uwazi mkubwa uliojaa hewa, na uwazi huo ndio unaoikuza sauti.

Hatafuni majani, kwa hiyo mkulima asimwogope kama nzige. Ana mrija mdomoni anaoutumbukiza kwenye mti na kufyonza maji yanayopanda kutoka mizizini. Maji hayo yana lishe kidogo sana, basi hunywa mengi na kutoa mengi. Ukikaa chini ya mti wenye nyenze wengi unaweza kudondokewa na matone jua likiwaka, na bora usiulize ni ya nini.

Jike hutaga ndani ya vijiti. Tunutu wakianguliwa hudondoka, huchimba, na kuishi ardhini wakifyonza mizizi. Wakikomaa hupanda shina, mgongo ukapasuka, akatoka mwenye mabawa. Ganda la kahawia hubaki limeng'ang'ania gome, kucha na yote. Wale nyenze wanaosubiri ardhini miaka 13 au 17 na kutoka kwa mamilioni ni wa mashariki mwa Marekani.

Malawi nyenze ni kitoweo. Hunaswa kwa ulimbo uliopakwa kwenye ncha ya tete refu, wakanyofolewa mabawa, wakakaangwa.